Doa Katikati ya Uso wa Baba

Kabla kiharusi hakijamnyang'anya ulimi, baba yangu alikuwa mtu wa maneno mengi, na sisemi hivyo kwa kumsifu. Alibishana na redio. Alimsimamisha muuza samaki mlangoni mpaka samaki wenyewe wakaanza kulegea, akimweleza yupi ni samaki wa kuliwa na yupi ni wa kudanganyia wageni. Nyumba yetu iko Likoni, kule ndani upande wa Mtongwe, ambako ukoo wake umelima minazi na mihogo tangu enzi za mababu, na ulikuwa ukiisikia sauti yake kabla hujaliona paa. Kisha asubuhi moja alianguka akitoka kuoga. Alipofumbua macho hospitalini, upande wa kulia wa mwili ulikuwa umekufa na maneno yamekwisha. Akili ilibaki. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba alikuwa mle ndani mzima na hana pa kutokea.

Mama hakulia mbele yetu. Alikaa kando ya kitanda akajifunza ule uso. Nusu ya kushoto ilikuwa hai, na kwa nusu hiyo wakajitengenezea mazungumzo. Unyusi ukipanda, maji. Pembe ya mdomo ikivutwa, ageuzwe ubavu. Macho akiyafumba kwa kuyakaza, hapana. Akiyafumba taratibu, ndiyo. Hayo niliyajua hata mimi. Lakini kulikuwa na mengine mengi yaliyopita kati yao nisiyoyaelewa. Kulikuwa na sura ya kuulizia mvua, na kulikuwa na sura ya kumsema mgeni ambaye ndiyo kwanza ametoka mlangoni. Mama husema kwa mdomo, baba hujibu kwa uso, na hivyo walishinda wakibishana mchana kutwa. Mara nyingine niliwakuta mama amekasirika kweli kweli, amemgeuzia mgongo, kwa jibu ambalo mimi sikuliona likipita.

Mimi nilikuwa mtu wa Jumamosi. Nakaa Changamwe, karibu na uwanja wa ndege, nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo, na siku za juma mwili huniishia huko. Jumamosi nilivuka feri na mfuko wa matunda, nikafika, nikaamkia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kati yao wawili. Walinipenda, hilo silitilii shaka. Ila walikuwa na mambo yao, na mtoto hata awe na mvi haingii katika mambo ya wazee wake.

Mama alikuwa msukaji wa ukili. Asiyeujua ukili, ni ule ukanda mrefu wa miyaa, yale majani ya mkindu, unaosukwa kwanza, kisha ukashonwa ukingo kwa ukingo mpaka ukawa mkeka. Vidole vyake vilisuka vyenyewe na macho yakabaki kwa baba. Jumamosi moja nikamkuta anafumua mkeka uliokuwa karibu kwisha.

"Kuna nini, mama?"

"Umepinda. Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Mkeka ulikuwa umenyooka. Nikamwambia hivyo.

"Wewe wajua nini cha mikeka?" akanikata kauli, akaendelea kufumua.

Wiki chache baadaye akamgeukia fundi wa mlango. Kwamba mwimo wa mlango wa mbele umebetuka katikati, na kwamba fundi yule alitudanganya. Fundi mwenyewe alikwisha kufa, na mlango ule umesimama hapo tangu mimi sijazaliwa. Tulicheka. Hata baba alicheka, kwa ule upande wake mmoja.

Kisha mama akaanza kusema kuna ukungu. Hapo akaingia shangazi yangu, dada wa baba, ambaye nyumba yake imepakana na yetu. Shangazi alitolewa mtoto wa jicho miaka mingi nyuma, akaona tena, na tangu siku hiyo yeye ndiye tabibu wa macho wa mtaa mzima. Alimkalisha mama kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, akamfunua kope kwa kidole gumba, akamchungulia kama mtu anayechagua embe.

"Mtoto wa jicho," akatoa hukumu. "Lakini bado mchanga, wifi yangu, na mchanga hatolewi. Mwache akomae. Mimi wangu nilimngoja mpaka nikawa sioni hata kiganja changu, na siku waliyomtoa, wallahi, niliona mchwa ukutani."

Huko kwetu hilo linajulikana na wote. Mtoto wa jicho hungojwa akomae, ndivyo walivyofanyiwa wazee wetu, ndivyo tulivyokua tukisikia, na shangazi mwenyewe alikuwa ushahidi unaotembea. Basi tukangoja. Kila jirani aliyepita alimuuliza mama, "Amekomaa?" naye akajibu, "Bado kidogo, inshallah." Nami niliuliza vivyo hivyo kwa simu, kila Jumatano, huku nikitafuna chakula changu cha mchana.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelihusisha na macho. Mama alikuwa na presha miaka na miaka, kama baba. Vidonge alivihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, na alimeza siku kichwa kilipomuuma. Kichwa kisipomuuma hamezi. "Leo mzima, ninywe dawa ya nini?" Baba naye alikuwa akimeza hivyo hivyo kabla hajaanguka. Nilimfokea mama, akaniitikia "abee" kwa dhihaka kama kwamba mimi ndiye mkubwa, na mambo yakabaki pale pale.

Siku yenyewe iliyotufungua macho, niseme hivyo kwa kukosa neno jingine, nilifika nikamkuta mama uani badala ya chumbani. Amekaa juu ya kibao cha mbuzi bila nazi mkononi. Nikamwamkia, akaitika kwa mbali.

"Baba yuko vipi?"

"Muulize mwenyewe. Amenuna."

"Amenuna?"

"Nasema naye hanijibu. Nimemuuliza maji, kimya. Nimemuuliza ageuzwe, kimya. Nimemletea uji, ameupiga kumbo kwa mkono wake mzima ukamwagika wote. Miaka yote hii nimemfulia, nimemlisha, leo yuwaninunia mimi? Kama nimemkosea si aseme."

Niliingia chumbani. Baba alikuwa analia. Chozi lilitoka jicho la kushoto likaingia sikioni, na hakuwa na namna ya kulifuta. Nikalifuta mimi. Kisha nikatoka nikamshika mama mkono, nikamrudisha ndani, nikamkalisha mbele yake uso kwa uso. Nilikuwa na hasira na wote wawili, nikidhani ni ugomvi wa kizee.

"Haya," mama akamwambia. "Mwanao yupo, awe shahidi. Nimekukosea nini?"

Unyusi wa baba ukapanda. Ukashuka, ukapanda tena. Mdomo ukavutika, shavu likacheza, jicho likafumba taratibu na kufumbuka na kufumba. Sijapata kuona uso ukifanya kazi namna ile. Jasho lilimtoka kwenye paji. Na mama alikuwa amemkazia macho, amemwelekea kabisa, anangoja. Alingoja mpaka baba akachoka, uso ukatulia. Ndipo akanigeukia.

"Waona? Kimya."

Nikamshika bega.

"Mama, anakujibu."

"Wapi?"

"Anakujibu tangu ulipoanza kusema. Wewe unaona nini hapo?"

Alinyoosha mkono, akaupitisha hewani kati yake na baba.

"Naona kofia yake. Naona mto, naona shingo. Hapa kati pana doa." Akateremsha mkono. "Nilidhani ni yule mtoto, anakomaa."

Jumatatu sikwenda kazini. Nilimpeleka hospitali kisiwani, ng'ambo ya feri. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo kutoka bara, aliyempa mama shikamoo kabla hajamgusa, na kwa hilo tu mama akamsamehe lafudhi yake. Jambo la kwanza alilofanya ni kumfunga mkono mashine ya presha. Mama akaninong'oneza, "Mwambie ni macho."

"Nimesikia, mama," daktari akasema. "Acha nianzie hapa."

Alipima mara mbili, akaguna. Kisha akamtia matone, tukakaa nje tukingoja mboni zipanuke, na alipomrudisha ndani, alimmulika kwa taa yake muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Mtoto wa jicho alikuwapo, alisema, lakini mdogo tu, wala si yeye mwenye kosa. Ugonjwa uko nyuma ya jicho, kwenye utando unaopokea picha, katikati yake hasa, pale mtu anapopatumia kusomea na kutambulia sura za watu. Pale pamechakaa kwa umri. Chini yake vimeota vimishipa vya damu dhaifu, navyo vimevuja. Hiyo ndiyo sababu mkeka ulionekana umepinda. Jicho la kushoto limekwisha kufanya kovu. La kulia bado linavuja, na linaloweza kufanyika ni kulidunga sindano, tena na tena, ili lisimfuate mwenzake.

"Tungekuja mapema?" nikauliza, na nikatamani nisingeuliza.

"Mngekuja mapema ingesaidia zaidi," akasema bila ukali. "Na hata mtoto wa jicho, siku hizi hatungoji akomae."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Baadaye akakiinua. "Na mkono ulinifungia nini?"

Daktari akavuta kiti karibu. Akamweleza kwa utulivu, kama anayemweleza mama yake. Mishipa mikubwa ya damu ikiwa michanga hunyumbuka, alisema. Moyo ukipiga, mshipa hutanuka kidogo, na kishindo hupungua njiani. Umri ukienda, na presha ikikaa juu miaka mingi, ile mishipa hukakamaa kama mpira wa kumwagilia maji ulioachwa juani. Hainyumbuki tena. Kishindo kile cha moyo hufika na nguvu zake zote mpaka kwenye mishipa midogo kabisa, na nyuma ya jicho kuna mishipa midogo mingi mno.

"Kwa hiyo presha ndiyo imenipofusha?"

"Siwezi kukuapia hivyo, mama. Wenye mishipa iliyokakamaa tunawaona mara nyingi na maradhi haya ya macho, lakini hatujajua kwa yakini kama hilo ndilo linaloleta hili. Huenda ni uzee ule ule unatokea mahali pawili. Ninachojua ni kwamba vinaandamana, na presha yako siwezi kuiacha ilivyo."

Mama akafikiri. "Mume wangu ameanguka, hasemi. Walituambia ni mishipa."

"Yake ni ya ubongo. Lakini ni jamaa moja na hii."

"Basi mimi na yeye tuna ugonjwa mmoja," mama akasema, na kwa namna alivyosema ungedhani amepata faraja kidogo.

Mimi sikupata yoyote. Njiani kurudi, feri imejaa watu na baiskeli na kuku, nilijishika kifundo cha mkono nikasikiliza mapigo yangu, nikawaza mishipa ya wazee wangu ikikakamaa taratibu ndani ya ile nyumba wakati sisi tunacheka habari za mwimo wa mlango. Tulikuwa tumemngoja kwa utiifu mtoto ambaye hakuwa mwenye kosa. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi, nikampasulia yote, kwa sauti ambayo sijapata kumtolea mtu mzima. Hakujitetea. Alikaa chini palepale mlangoni kwake. "Mimi nilisema ninachokijua," akasema. "Mimi nilipona." Nikamwacha hapo. Jioni alikuja na chungu cha mchuzi, akamlisha mama kwa mkono wake, na hatukulizungumza tena.

Sindano zilianza. Mama aliziogopa, kisha akazizoea kama alivyozoea mengine. Vidonge vya presha akawa anameza kila asubuhi, kichwa kiume kisiume. Jicho la kulia lilisimama. Halikurudi lilikokuwa, lakini halikuzidi kwenda. Na daktari akamfunza jambo moja ambalo lilitupa miezi michache ya nafuu. Kwa kuwa pembeni bado anaona, akitaka kuuona uso wa mtu asiutazame. Atazame kando yake, kwenye ukuta au begani, kisha auache uso uje wenyewe kwa upande.

Alijizoeza kwa baba. Alikaa mshazari kitandani, akautazama ukuta wenye kalenda, na kutoka pembeni ya jicho akaukamata unyusi ukipanda. Mara ya kwanza alipiga kelele kama msichana. "Maji! Amesema maji!" Nilimletea baba maji nikilia. Mazungumzo yao yakarudi, si yote, yale makubwa makubwa tu. Maji, geuza, ndiyo, hapana. Yale madogo, ya mvua na ya kuwasema wageni, yalipita kwa kasi ambayo pembe ya jicho haikuiwahi.

Tatizo likawa baba. Mtu aliyezoea kutazamwa usoni na mkewe, leo kila akianza kusema, mke anageukia ukutani. Siku za mwanzo alikuwa akiufuata mwelekeo wake, akikitafuta huko ukutani kile kitu anachokitazama. Tulimweleza. Nilimweleza mimi, pole pole, habari ya doa na habari ya pembeni, naye akafumba jicho taratibu: ndiyo, nimeelewa. Aliyekuja kumjulia hali hakuelewa. Wanawake wawili watatu walitoka wakinong'ona kwamba yule bibi amemchoka mumewe, hataki hata kumtazama. Mama alipoyasikia alicheka kwanza, kisha hakucheka.

Baada ya mvua za masika kifua kilimbana baba. Tulimpeleka hospitali, na daktari wa huko akatwambia tumrudishe nyumbani, na mtu mzima akiambiwa hivyo huelewa. Niliomba ruhusa kazini nikahamia Likoni.

Ilikuwa alasiri. Mama alikuwa kitandani kwa baba tangu asubuhi, amekaa ule mshazari wake, uso ukutani, akingoja chochote kitakachotoka. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake. Baba akaunyanyua mkono wake mzima, kwa shida, ukitetemeka, akamshika mama kidevu. Akamgeuza. Alimgeuza kidogo kidogo mpaka mama akawa amemwelekea kabisa, macho kwa macho, kama walivyokaa miaka yote kabla ya haya. Na hapo, nilijua mimi na alijua mama, alikuwa amejiweka ndani ya lile doa.

Mama angeweza kuutoa ule mkono. Hakuutoa. Alitulia vile vile, amemkazia macho mtu asiyemwona.

Na baba akasema. Niliuona uso wake wote, mimi, mwenye macho mazima. Unyusi ulipanda ukakaa juu. Mdomo ukasogea mara mbili tatu kwa ule upande mzima, kama wa mtu anayetafuna, kisha ukafungwa, na jicho likabaki kwa mama, limefumbuka, likingoja. Nikadhani koo limemkauka. Nikamtia maji kidogo kwa kijiko. Hakuyameza, yakamtoka pembeni. Mkono ukateleza kidevuni ukaanguka kwenye shuka.

Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Wakaja watu, akaoshwa, akasaliwa, akazikwa kwenye shamba la kwao, na mama akaingia eda. Nilibaki naye siku za mwanzo. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake na visomo, na ilipopungua tukabaki wawili chumbani, kitanda kimekwisha kutolewa.

"Siku ile," mama akasema, "aliponigeuza. Alikuwa na neno?"

"Alikuwa nalo."

"Neno gani?"

"Sijui, mama. Nilidhani maji."

"Si maji. Maji ningeyasikia hata kwa pumzi yake. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi nioneshe."

Sikuelewa. Akanisogelea kwenye mkeka, akaweka vidole vyake vyote usoni pangu, vile vidole vigumu vya miyaa, kimoja juu ya unyusi, kingine kwenye pembe ya mdomo. Nikaona haya, mtu mzima mimi. Kisha nikakumbuka nilichokiona, nikakifanya. Nikapandisha unyusi nikauweka juu. Nikausogeza mdomo kwa upande mmoja, mara mbili tatu. Nikaufunga. Nikamtazama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaviondoa vidole vyake usoni pangu, ndipo nikajua kwamba amelipata.

"Aliniuliza kama nimekula," mama akasema. "Nami sikumjibu."